KISU NA UGONJWA WA SUKARI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi



Halmashauri imenituma niseme juu ya jambo lililotugawanya katika mkutano uliopita. Mwanachama mmoja, ambaye jina lake sitalitaja, aliomba msaada katika mfuko wetu wa kusaidiana ili apate kupasuliwa tumbo, kwa kuwa ana ugonjwa wa sukari na mwili wake ni mzito mno. Wengine walicheka. Wengine walisema mfuko huu ni wa wagonjwa, si wa walafi. Mmoja alisema dawa yake ni kupunguza ugali tu, basi. Mwenyekiti akaahirisha shauri, akataka habari kamili iletwe. Mimi si daktari, ni mtu wa reli kama ninyi. Lakini nimesoma, nimewauliza wanaoijua kazi hiyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

UGONJWA WENYEWE

Ugali, mkate, wali, viazi na chai ya sukari hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Nyuma ya tumbo kipo kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa insulini. Kazi ya insulini ni kufungua milango ya mwili ili sukari iingie katika misuli iwe nguvu ya kufanyia kazi. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho huwapata watu wazima wengi, milango imekuwa migumu na kongosho limechoka. Mafuta yakijaa ndani ya ini na kongosho, mambo huharibika zaidi. Sukari hubaki katika damu, na mwaka baada ya mwaka hula mishipa. Macho hufifia, figo hushindwa, nyayo hufa ganzi. Mtu hupata kidonda kidogo cha kiatu, hasikii maumivu, na mwisho hukatwa mguu.

Sasa juu ya neno hili la ulafi. Chakula kina sehemu yake, sikatai. Lakini mna pia urithi wa ukoo, mna usingizi, na mna kazi. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba watu wa zamu za usiku hupata kisukari cha aina ya pili kuliko watu wa mchana. Nani hapa hajala chipsi na soda saa tisa ya usiku kwa sababu hakuna kingine kilicho wazi karibu na yadi? Tena mwili ukisha kunenepa hupigania uzito wake. Mtu akijinyima, njaa humzidi, na mwili wenyewe huanza kutumia nguvu kidogo kuliko zamani. Ndiyo sababu wengi hupunguza kilo kumi na kuzirudisha zote.

Wala jambo hili si la mtu mmoja. Serikali ya Kenya ilipopima watu wazima mwaka 2015, watu 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kwa wanawake walikuwa zaidi ya 38 katika kila 100.

OPERESHENI YENYEWE

Mwaka 1966 Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuwapasua watu wanene kupita kiasi ili wapungue uzito. Siku hizi operesheni zifanywazo sana ni za namna mbili.

Katika namna ya kwanza daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, hata robo tatu na zaidi. Hubaki kama mkono mwembamba wa shati. Kilichokatwa hakirudishwi.

Katika namna ya pili daktari hutenga kijifuko kidogo kama yai hapo juu, kisha huuvuta utumbo mwembamba na kuuunga nacho. Chakula hakipiti tena katika sehemu kubwa ya mfuko wala katika mwanzo wa utumbo. Watu wa reli wataelewa upesi: ni treni iliyopewa njia ya pembeni, ikaacha stesheni za kwanza na kuingia moja kwa moja stesheni za mbele.

Kwa kawaida kazi hii hufanywa kwa matundu madogo na kamera, si kwa kupasua tumbo lote.

Jambo la ajabu likaonekana. Wenye ugonjwa wa sukari waliofanyiwa hivyo, sukari yao ilishuka katika siku chache, hata kabla uzito haujapungua sana. Mwaka 1995 Daktari Walter Pories na wenzake wa Greenville, North Carolina, walitoa hesabu ya wagonjwa 608 waliowapasua katika muda wa miaka 14. Kati yao 146 walikuwa na kisukari. Katika hao 146, watu 121 sukari yao ilirudi kuwa ya kawaida na kukaa hivyo.

Sababu ni nini? Moja ni kwamba mtu hula kidogo sana, na mafuta ya ini hupungua upesi. Nyingine ni kwamba chakula kikifika mapema katika utumbo wa mbele, utumbo hutoa homoni zinazoliamsha kongosho na kuuambia ubongo kwamba umeshiba. Kwa hiyo utumbo si bomba tu la kupitishia chakula. Nao hutoa amri.

JE, NI KWELI AU NI SIFA TU?

Ili kuondoa shaka, madaktari waligawa wagonjwa kwa kura, wengine wapate dawa peke yake, wengine wapate dawa na kisu. Huko Cleveland, Marekani, waligawa watu 150. Baada ya miaka mitano, katika hesabu iliyotolewa mwaka 2017, waliofikia kipimo kizuri cha sukari kwa dawa tu walikuwa 5 katika kila 100. Waliokatwa mfuko walikuwa 23, na waliopewa njia ya pembeni walikuwa 29. Huko Roma waliwafuata watu 60 kwa miaka kumi. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliopasuliwa walikuwa bado hawana ugonjwa.

Lakini sikieni na upande wa pili. Nchini Swideni walianza kuwafuata waliopasuliwa tangu mwaka 1987. Baada ya miaka miwili, wenye kisukari 72 katika kila 100 walikuwa wameponywa. Baada ya miaka 15 walibaki 30. Maana yake ni kwamba ugonjwa huweza kurudi. Hata hivyo, kundi lililopasuliwa lilipata madhara machache zaidi ya macho, figo na mishipa kuliko kundi lisilopasuliwa. Mtu akikaa miaka mingi na sukari njema, mishipa yake imepumzika miaka hiyo yote. Hiyo si faida ndogo.

Na jambo moja nataka mlishike kuliko yote: kisu huwafaa zaidi wale ambao ugonjwa wao bado ni mchanga. Aliyekaa na sukari miaka mingi, akawa anajidunga insulini, kongosho lake limechoka mno. Huenda akapata nafuu, lakini kuponywa kabisa ni kwa shida. Wazee walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

HATARI ZAKE

Nisiwadanganye, hii ni operesheni kubwa. Marekani walipohesabu watu zaidi ya 4,700 waliopasuliwa, na kutangaza mwaka 2009, waliokufa katika siku 30 za kwanza walikuwa kama 3 katika kila 1,000. Tena hiyo ni kwa madaktari waliozoea kazi hiyo. Wengine mshono huvuja, wengine hutokwa damu, wengine damu huganda miguuni na kupanda mapafuni.

Na ukitoka hospitali kazi haijaisha. Chuma, kalisi na vitamini B12 haviingii mwilini kama zamani, kwa hiyo utameza vidonge vya vitamini maisha yako yote na kupimwa damu kila mwaka. Ukinywa soda au kula sukari nyingi, moyo hupiga mbio, jasho hukutoka, tumbo husokota. Pombe hupanda kichwani upesi baada ya operesheni ya njia ya pembeni, na wengine wamekuwa walevi ambao zamani hawakuwa. Jambo hilo dereva wa treni alifikiri mara mbili. Kina mama nao hushauriwa wasishike mimba mpaka upite mwaka mmoja au mmoja na nusu.

Tena mtu asiache dawa zake za sukari kwa kujiamulia mwenyewe. Daktari ndiye atakayezipunguza.

NI NANI ANAYEFAA?

Ipo hesabu. Chukua kilo zako, uzigawe kwa urefu wako wa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 102 hupata 35 na kidogo. Mwaka 2016 vyama vingi vya madaktari vya mataifa vilikubaliana kwamba mwenye kisukari cha aina ya pili aliyefika 40 ashauriwe kupasuliwa, na mwenye 35 pia, kama dawa zimeshindwa kuishusha sukari yake. Mwenye 30 na zaidi aweza kufikiriwa kama dawa zimeshindwa. Mtu mwembamba mwenye ugonjwa wa sukari, nao ni wengi, kisu hiki si chake. Wala si cha wale wa kisukari cha aina ya kwanza, ambao kongosho lao halitoi insulini.

Ndugu yule aliyesema ugali upunguzwe hakukosea kabisa. Huko Uingereza walijaribu chakula kidogo sana chini ya ulinzi wa wauguzi, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba karibu nusu ya wagonjwa waliondokewa na ugonjwa baada ya mwaka mmoja. Lakini wale walipewa chakula maalum na muuguzi wa kuwafuata. Hawakuambiwa tu, "Kaza moyo." Ziko na sindano mpya, kama semaglutaidi, zinazopunguza uzito sana, lakini mtu akiziacha uzito mwingi hurudi, na bei yake mnaijua.

UPANDE WETU SISI WAFANYAKAZI

Sasa nafika kwenye shauri lenyewe. Operesheni hii hufanywa katika hospitali chache za Nairobi, na gharama yake hupita mshahara wa miezi mingi wa mtu wa karakana. Kwa hiyo wenye fedha huponywa, na sisi twaambiwa tule kidogo.

Tazameni pia likizo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi mgonjwa, kwa uchache, siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika mwaka. Mtu wa mezani aweza kurudi kazini baada ya majuma mawili au matatu. Lakini mtu wa njia anayeinua vyuma mara nyingi hungoja mwezi au zaidi. Zile siku zilizozidi atakula nini na watoto wake? Sheria imeweka sakafu tu. Dari hujengwa na chama katika mapatano na mwajiri.

Mtu akipata ngiri kwa kuinua vyuma, hatumcheki wala hatumuulizi kwa nini aliinua. Twachanga. Kwa nini tumcheke huyu, ambaye miaka kumi amelala mchana na kula usiku?

Basi naleta maoni matatu, yapigiwe kura.

La kwanza, ombi la mwenzetu lipokewe kama ombi la mgonjwa mwingine yeyote, akileta barua ya daktari. Lakini tusilipe kisu tu tukasahau vidonge na vipimo vya baadaye. Kumpasua mtu na kumwacha bila vitamini ni kumtoa shimo moja na kumtia jingine.

La pili, katika mapatano yajayo tudai likizo ya ugonjwa inayotosha operesheni kubwa, na kazi nyepesi ya muda kwa anayerudi, bila kupunguziwa mshahara.

La tatu, nalo ndilo kubwa, tudai kila mfanyakazi apimwe sukari na presha kila mwaka kwa gharama ya mwajiri, na matokeo yawe siri yake na daktari. Wengi huogopa kupima kwa kuwa wanafikiri wataondolewa kazini. Mapatano yaandike wazi kwamba mtu hafukuzwi kwa sababu ya sukari. Kama kazi yake ina hatari, apewe nyingine ya mshahara ule ule. Hofu hiyo ikiisha, watu watapima mapema, na aliyejua mapema chakula chaweza kumponya, dawa zaweza kumponya, na kisu pia. Aliyechelewa hana mengi ya kuchagua.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini mfanyakazi hafichi kwa ujinga, huficha ili alinde unga wa watoto. Kuondoa sababu ya kuficha ni kazi ya chama.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Mwenye maswali na aulize, kisha tupige kura.