Maji na Dawa Katika Zege



Hakuna fundi asiyejua taabu ya zege gumu. Sepetu hushindwa kulipindua, nalo hukwama juu ya nondo lisifike chini ya nguzo. Basi mwenye haraka huita ndoo ya maji. Zege hulainika na kazi huwa nyepesi. Lakini ndoo ile ni adui wa nyumba.

Sababu yake ni hii. Katika mfuko wa saruji wa kilo 50, maji yanayoungana na saruji yenyewe ni kadiri ya lita 12 tu. Fundi hutia lita 25 au zaidi, ili zege lilainike. Yaliyosalia hukauka, yakaacha matundu madogo. Zege la namna hiyo ni dhaifu, na mvua hupenya humo hata nondo zikashika kutu.

Chembe za saruji zina tabia ya kung'ang'aniana zikawa madonge, na maji mengine hufungwa ndani yake. Dawa ya kulainisha zege hushika chembe hizo na kuzifanya zisukumane. Ndipo maji yaliyofungwa huachiliwa, na zege hutiririka pasipo kuongezwa maji.

Dawa hizo zilianza kutumiwa katika miaka ya 1930, zikitokana na maji mazito yanayobaki miti inapopikwa ili kufanyiza karatasi. Hupunguza maji kadiri ya sehemu 5 hadi 10 katika 100. Baadaye Wajapani na Wajerumani walifanya dawa kali zaidi, ziwezazo kupunguza hata sehemu 30. Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Profesa Hajime Okamura na wenzake walifanya zege lijazalo pembe zote lenyewe, bila kushindiliwa.

Lakini dawa si uganga. Ikizidi kipimo, kokoto huzama, maji huelea, au zege hukawia kuganda. Yafaa ipimwe kama ilivyoandikwa na waliyoitengeneza.

Tena, jicho haliwezi kutambua kama ulaini umeletwa na dawa au na ndoo. Kwa hiyo mwenye nyumba na asimame penye mchanganyo, ahesabu ndoo. Nguzo mbili hufanana siku ya kwanza. Tofauti yao huonekana siku ya kubeba mzigo.