MWANAFUNZI ASITOKE MIKONO MITUPU
(Hotuba kwa wananchi wa Kisorya)



Hapa Kisorya, penye kivuko cha kwendea Ukerewe, kijana hujifunza kuunda mitumbwi kwa kumtumikia fundi. Hupasua mbao, hupiga misumari, hutia kalafati. Akiisha kuhitimu, ataanza kazi kwa randa ya nani?

Ndugu zetu Waigbo wa Nigeria wana mila ya kufaa. Kijana humtumikia mfanyabiashara kwa miaka 5 hadi 7 bila mshahara, akila na kulala kwake. Muda ukiisha, bwana wake humpa mtaji afungue duka lake. Vita vya Biafra vilipokwisha mwaka 1970, wenye akiba benki walipewa pauni 20 tu. Mila hiyo ikasaidia kuwainua tena.

Lakini hata huko wapo mabwana wanaomfukuza kijana siku ya malipo ikikaribia. Kwa hiyo mapatano yaandikwe mbele ya wazazi na mashahidi: miaka mingapi, na vifaa gani siku ya kutoka.

Nanyi mafundi, msiogope kushindana na wanafunzi wenu. Ziwa ni kubwa, na mitumbwi haijatosha.