Maumivu ya Viungo na Chupa Isiyo na Jina

Leo tuongee juu ya viungo: magoti, viuno na mabega.

Huku kwetu Molo, Kuresoi na Njoro, asubuhi ya baridi nyumba nyingi hazikosi nyanya anayelalamika magoti. Dawa ya kwanza hutoka shambani. Thabai, ambayo Wakalenjin huita siwot, ukiichemsha ni mboga nzuri. Wengine huchapa goti nayo ikiwa mbichi, wakisema mwasho ule huondoa maumivu. Mwenye ugonjwa wa sukari ambaye miguu imekufa ganzi asichapwe, kwani ngozi yake ikiumia hatasikia. Tangawizi kwenye chai haina neno. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa husaidia pia.

Sijaja kuwakataza majani. Ninachoogopa ni chupa isiyo na jina inayouzwa kwenye steji. Nyanya mmoja aliletwa kwetu akiwa amekunywa dawa ya namna hiyo. Siku 2 tu goti lilipoa, akaenda kanisani kwa miguu, akawasifia wenzake. Miezi 3 baadaye uso ulikuwa umefura mviringo, presha imepanda, na sukari ambayo hakuwa nayo imeonekana. Daktari alishuku steroidi. Dawa kama prednisoloni na deksamethasoni zimewahi kupatikana zikiwa zimechanganywa kisiri kwenye dawa zinazoitwa miti shamba. Jani la kweli halitulizi goti la miaka 10 kwa siku 2! Kama mzee wako ameitumia majuma mengi, asiache ghafla, maana presha yaweza kuanguka na mwili kuishiwa nguvu. Mlete upesi, na chupa uje nayo.

Sasa mtoto. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 aliumwa na koo. Wiki 2 au 3 baadaye ana homa, leo goti limefura, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Mama, hiyo si baridi ya Molo. Yaweza kuwa homa ya rumatiki. Ubaya wake ni kwamba viungo hupoa vyenyewe, nawe utadhani ni majani uliyompa, kumbe valvu za moyo zinaharibika. Akipatikana nayo, atadungwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na asikose hata moja. Koo likiuma pamoja na homa, mlete mapema kabla ya kufika huko.

Kiungo kimoja kikiwa cha moto, kimefura, na mtoto hawezi kukikanyagia, usingoje kesho. Na mtoto mchanga akifura viganja na nyayo huku analia akiguswa, omba apimwe damu kama ana selimundu.

Juma lijalo tutaongea juu ya kikohozi cha usiku. Kwaherini.