Amonia Kwanza, pH Baadaye: Matatizo ya Maji katika Matangi Madogo ya Samaki, Kasulu na Kibondo



Anayefuga samaki wa mapambo Kasulu au Kibondo mara nyingi amewapata Kigoma: wale wadogo wa miambani wenye mistari, ndugu wa ukoo mmoja na kuhe tunayemla. Kwao ni Ziwa Tanganyika, penye joto la nyuzi 24 hadi 27 na pH inayokaribia 9. Huku kwetu tuko mita mia kadhaa juu ya ziwa, usiku wa Juni na Julai unauma, na maji ni ya aina nyingine kabisa. Samaki wakianza kuhema juujuu, mwenye tangi husema maji yameharibika, huyamwaga yote na kujaza mapya. Hoja yangu ni kwamba haraka hiyo huua samaki wengi kuliko tatizo lenyewe.

Tuanze na amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini huiongeza. Bakteria wanaoishi kwenye mchanga na sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali sana. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Tangi la lita 40 lililojazwa Jumamosi, likatiwa samaki kumi Jumapili wanaolishwa dagaa wa kusagwa asubuhi na jioni, halina bakteria wa kutosha. Maji yatakuwa maangavu, mgeni atayasifu, na samaki watakufa humohumo. Amonia haina rangi.

Sasa sehemu inayowaponza wengi. Amonia huwa na hali mbili majini, moja kali na moja pole, na kinachoamua mgawanyo wake hasa ni pH. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, iliyo kali haifiki asilimia moja. Ikiwa 8, ni kama asilimia tano. Ikifika 9, ni zaidi ya theluthi. Maji laini, yaani ya mvua au ya chemchemi ambayo haikupita kwenye mawe ya chokaa, hayana cha kuzuia uchachu, na kazi ya bakteria wenyewe huzalisha uchachu. pH hushuka kidogokidogo, bakteria huzubaa, amonia hulimbikizana ikiwa katika hali yake pole. Samaki wanadhoofu lakini wanaishi. Ndipo mwenyewe anasikia kwamba samaki wa Tanganyika wanataka pH ya juu, anatia magadi kijiko kizima, na kufikia jioni wote wanaelea. Hakuna aliyewawekea sumu. Ilikuwamo, imeamshwa tu.

Kwa hiyo samaki wakianza kuhema, acheni kulisha kwa siku mbili. Nyonyeni uchafu wa chini kwa mpira. Badilisheni robo ya maji kila siku, kwa maji yanayofanana na yaliyomo, hadi samaki watulie. Baada ya hapo ndipo pH ipandishwe, tena polepole: konzi ya makombe ya konokono kutoka ufukweni, au mawe ya chokaa, ndani ya chujio. Huyeyuka kadiri maji yanavyochachuka, hivyo hayawezi kuzidisha ghafla kama magadi. Jiwe usilolijua lidondoshee maji ya ndimu. Likitoa mapovu, lina chokaa.

Kupima si lazima kugharimu. Maabara ya sekondari ina karatasi za kupimia pH. Sabuni nayo husema: ikitoa povu jingi kwa kiasi kidogo tu, maji ni laini.

Kuna kosa jingine ambalo halihusiani na samaki wala chakula. Nyumbani tunatibu maji ya kunywa kwa WaterGuard, dawa yenye klorini, na ndoo ileile ndiyo iliyo karibu tangi linapopungua. Klorini inayotuokoa na kuhara huunguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Maji hayo, au ya bomba yaliyotiwa dawa, yaachwe wazi usiku na mchana huku pampu ya hewa ikipuliza. Walimu wa kemia wana njia fupi: punje chache za sodiamu thiosalfeti, ileile ya majaribio ya kidato cha nne, humaliza klorini ya ndoo nzima.

Matamvua yakigeuka rangi ya kahawia, shaka iangukie nitriti, kwani huharibu damu isibebe oksijeni. Hapa chumvi ya Uvinza inafaa kuliko dawa nyingi za dukani: kijiko cha chai bila kilele kwa lita tano, iyeyushwe kwanza pembeni. Kloridi iliyomo huizuia nitriti kupenya.

Baridi na umeme kukatika nitavitaja kwa ufupi. Samaki wakipoa hawali, basi punguzeni chakula. Chujio lililozimika usiku kucha lisuuzwe kwa maji ya tangi kabla ya kuwashwa, la sivyo litatapika uozo wote ndani.

Mwisho, safari ya kutoka Kigoma. Ndani ya mfuko wa nailoni hewa ya ukaa hushusha pH, na amonia ya safari nzima inakaa katika hali yake pole. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka, pH hupanda na amonia inakuwa kali. Ndiyo maana desturi ya kuuacha wazi na kuchanganya maji kikombe kwa kikombe kwa saa nzima inadhuru. Uelee kwenye tangi ukiwa umefungwa hadi joto lilingane, kisha samaki watolewe kwa wavu mara moja, watiwe kwenye maji ambayo tayari yana chokaa yake. Maji ya mfuko yamwagwe bustanini, mbali na vijito: vingi vyetu huishia Malagarasi, na bonde la Malagarasi-Muyovozi liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu tangu mwaka 2000.