Chungu Kimoja, Wageni Wengi

(Hotuba iliyosomwa ukumbini kabla ya chakula cha jioni cha maadhimisho)



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya chakula. Sisi si wapishi. Ni wauza nafaka, na masomo yetu yaliishia sekondari. Lakini mtu aliyesimama nyuma ya mizani kwa miaka arobaini huijua thamani ya kila kibaba kinachoingia chunguni.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Tulipomwoza binti yetu, tuliandaa vyakula kumi na vinane, maana tuliamini kuwa heshima ya mgeni huhesabiwa kwa idadi ya sufuria. Asubuhi yake mapipa matatu yalijaa wali na puri, na juu yake sahani za plastiki. Mama jirani akaangaye vitumbua mlangoni petu alisimama, akatazama, akauliza kwa upole kama wali ule ulikuwa umeharibika. Tulimjibu kuwa haukuharibika, ulizidi tu. Hakusema neno jingine, nasi hatukuwa na la kuongeza.

Kisha ukaja mwaka 2017. India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha mbaazi zitakazoingia nchini humo. Bei ikaporomoka, kuanzia Lindi na Mtwara hadi Babati, na ghala letu likabaki na magunia tuliyoyanunua kwa bei ya juu. Wako walioumia kuliko sisi: mkulima aliyepalilia msimu mzima hakuwa na akiba ya kumvusha.

Nyumbani, mama wa nyumba yetu alipunguza kila matumizi, ila jambo moja alilikataa: kuwafungia marafiki mlango. Akafungua gunia. Jumapili moja aliwapikia wageni dali ya mbaazi iliyoungwa kwa jira, haradali na mvuje. Jumapili iliyofuata ikawa khichdi, yaani mchele na choroko katika chungu kimoja, pamoja na mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Chapati zilizolala alizikatakata asubuhi, akazichemsha katika mtindi wenye bizari na pilipili, kama alivyofundishwa na bibi yake. Yule mama wa vitumbua alipoonja dali yetu alicheka, na kesho yake akatuletea bakuli la mbaazi za nazi na mahamri. Ndipo tulipotambua kuwa kile tulichokuwa tukikipakia melini miaka yote kilikuwa tangu zamani chakula cha asubuhi cha mtaa wetu.

Jambo la ajabu ni kwamba wageni hawakupungua, bali waliongezeka. Hapo awali rafiki zetu wengi, hasa wenye mishahara midogo, walikula kwetu wasithubutu kutualika kwao, kwa kuwa hawakuweza kurudisha vyakula kumi na vinane. Tulidhani tunawakirimu, kumbe tulikuwa tukiwafungia njia. Chakula cha gharama ndogo kiliifungua. Kizuri kula na nduguyo, walisema wahenga. Nasi tumejifunza kuwa yafaa kiwe kizuri ambacho nduguyo naye aweza kukupikia.

Chakula hiki kinaihurumia ardhi pia. Mbaazi hustahimili ukame, na mizizi yake huongeza rutuba shambani, ndiyo maana wakulima huichanganya na mahindi. Kwa upande wa moto, kumbukeni kuwa katika tanuri la kienyeji kilo moja ya mkaa hula kilo kadhaa za kuni. Kwa hiyo loweka nafaka za jamii ya kunde tangu usiku. Tumia sufuria ya presha ukiweza. Au chemsha, kisha funika chungu ndani ya kapu lililosheheni matambara, kikamalizike kuiva kwa joto lake chenyewe. Maganda yapelekwe bustanini. Taifa limejiwekea lengo kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Sisi tunaweza kuanza kwa kupika kwa kiasi.

Huenda mzee mmoja akauliza: Je, Annakut nayo ipunguzwe? La. Siku ile, baada ya Diwali, vyakula vingi huwekwa mbele ya Mungu, kisha hugawiwa kama prasad. Yasiyofaa ni yale tuyapikayo kwa ajili ya macho ya watu, yakaishia pipani.

Basi, usiku huu msishangae. Kuna khichdi, mbaazi za nazi zilizopikwa na akina mama majirani, na kachumbari. Sahani ni zile za chuma za hekalu, na vijana wetu wameahidi kuziosha. Ombi letu ni moja: kabla mwezi huu haujaisha, kila nyumba ya hekalu iialike nyumba moja ya jirani kwa chakula cha chungu kimoja, nayo ikubali mwaliko inapoalikwa.

Karibuni chakula.