Kukaa na Mungu Siku za Taabu



Dayosisi yetu ya Masasi iliwekwa mwaka 1926, na leo twashukuru kwa miaka 100. Lakini Injili ilitangulia kufika. Mwaka 1876 Askofu Steere alikuja hapa na watu waliokombolewa katika utumwa, wakajenga mji. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakaushambulia. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, kanisa likateketezwa. Tena vita vya mwaka 1914 vilipoanza, Wadachi wakawafunga wamisionari Waingereza, na mzigo wa makanisa ukawaelemea mapadre na walimu Waafrika.

Tukiyasikia hayo, twadhani wazee wetu walikuwa watu wa namna nyingine, wasiojua hofu. Sivyo. Walilia kama tuliavyo sisi, ila walilia karibu na Bwana wao. Moto huunguza paa la kanisa, sala hauiwezi. Sala huachwa na mwenyewe.

Na hapa hatuna budi kuungama mbele yenu. Mwaka ule tulipomzika mtoto wetu, tulipiga kengele kila asubuhi kama desturi, tukawaongoza watu katika sala, lakini nyumbani hatukusali. Tukaona haya kuwafundisha wengine neno lililotushinda wenyewe, tukaazimia kuiacha kazi ya ualimu.

Ndipo bibi mmoja wa mtaa wetu, asiyejua kusoma, akatujia, akauliza, “Mwalimu, watu wajapo matangani, huja na maneno mengi?”

Tukajibu, “La, bibi, huja kukaa.”

Akasema, “Basi, kama huna neno la kumwambia Mungu, kaa naye. Yeye amekuja matangani kwako, usimfungie mlango.”

Usiku ule tulipiga magoti, baba na mama wa marehemu, wala hatukunena neno. Kesho yake vivyo hivyo. Siku nyingi zikapita kabla hatujaweza kuimaliza Sala ya Bwana pasipo kukwama katikati. Huzuni haikuondoka, lakini hatukuwa peke yetu ndani yake.

Basi, walimu, mkimwona Mkristo aliyeacha kuja kanisani kwa sababu ya msiba, au njaa, au ugonjwa, msianze kumkemea. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba kimya, na hilo lilikuwa jema. Walikosa walipoanza kumhukumu. Nanyi mlio katika taabu, msingoje mpaka moyo upoe. Njoni mkae hata mlangoni pa kanisa, hata pasipo kuimba.

Bwana wetu Yesu Kristo, aliyewaomba wanafunzi wake wakeshe naye Gethsemane, wao wakalala, asiache kukesha nasi. Amina.