Anwani Mpya za Intaneti: Bisil Isiachwe Nyuma

(Hotuba ya afisa wa TEHAMA wa kaunti kwa wananchi wa Bisil)

 

Nimeombwa nieleze hizi anwani mpya za intaneti, IPv6, zinatuhusu vipi sisi wa Bisil.

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti huhitaji namba, kama vile kila shamba hapa Kajiado lina namba yake kwenye hatimiliki. Namba za zamani, IPv4, ziliwekwa mwaka 1981 na jumla yake ni kama bilioni 4.3. Leo watu duniani wamepita bilioni 8. Akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Hapa Afrika mgawaji ni AFRINIC, iliyoko Morisi, na tangu Januari 2020 kampuni ikiomba hupewa namba zisizozidi 1,024 kwa mara moja.

Ndiyo maana wengi wetu tunatumia namba moja kwa pamoja, kama ploti nyingi zenye geti moja. Mmoja akikosa, geti likifungwa, wote wanazuiwa. Kijana anayetafuta riziki mtandaoni anaweza kukataliwa na tovuti kwa kosa la mtu asiyemjua. Mfugaji aliyefunga kamera kisimani hawezi kuifikia moja kwa moja akiwa safarini. Lazima apitie kampuni nyingine.

IPv6 inaondoa msongamano huo. Idadi ya namba zake ni ya tarakimu 39. Kila kifaa kitapata yake. Tatizo ni kwamba namba za zamani na mpya hazielewani moja kwa moja. Kwa hiyo mitandao inabeba zote mbili sambamba, na mabadiliko yanakwenda polepole, eneo moja likitangulia lingine.

Tufanye nini?

Kwanza, mwenye simu ya intaneti aangalie mipangilio ya APN. Pakiwa na chaguo la IPv4/IPv6, achague hilo. Mwenye kabambe asiwe na wasiwasi: kupiga simu na kutuma pesa hakubadiliki.

Pili, wenye saiba, shule na maduka, mkinunua ruta ulizeni kama inakubali IPv6. Mwulizeni pia anayewauzia intaneti atawapa lini.

Tatu, sisi serikalini tudai hivyo hivyo katika zabuni zetu. Tukinunua kifaa kisichokubali IPv6, mlipa kodi atakilipia mara mbili.

Mwisho, jihadharini na matapeli. Hakuna ada ya kusajili anwani mpya, na namba yenu ya siri haihitajiki. Akikupigia mtu akidai hivyo, kata simu.

Ng'ombe wa Bisil wanafika Nairobi kwa sababu barabara ipo. Kazi za vijana wetu nazo zinahitaji njia iliyo wazi.